Uziwi wa hiari: mwongozo kamili wa kuufanyia utafiti nyumbani kwako, na namna ya kuziba kelele bila kuharibu masikio

Kuna mtu mmoja nyumbani kwako, na usibishe maana kila nyumba yupo, ukimwambia "njoo unishikie hapa" mmesimama hatua mbili hasikii, ila siku ukiwa chumba cha mwisho, umefunga mlango, unafungua karatasi ya pipi polepole kama unategua bomu, huyo kashafika, kasimama mlangoni anauliza "unakula nini?" Huo ndo uziwi wa hiari. Wahenga waliuona mapema wakasema sikio la kufa halisikii dawa, ila hawakutuachia data, walituachia methali tu, na mimi nikaona hapana, hili jambo linataka daftari.

Basi nimeshinda na hilo daftari wiki kadhaa nikiwachunguza watu wangu bila kibali cha mtu yeyote (habari ya maadili inakuja), na katikati nikawa nasoma watafiti wa kweli walifanya nini, maana kumbe kuna watu wazima na shahada zao wamelipwa mshahara kuchunguza kwa nini mtu anaitwa haitiki. Nitakupitisha kote. Kwanza tunawakamata wengine, alafu tunajifunza ufundi wenyewe wa kuziba kelele, maana baada ya utafiti utachoka na utataka kimya.

Hatua ya 1: jua anayechagua ni nani

Mtafiti mchanga kosa lake la kwanza ni kulilaumu sikio. Sikio halina hatia jamani. Jicho lina kope, ukichoka na dunia unafumba, ila sikio halina mlango, liko zamu hata ukiwa umelala. Sauti inaingia, inagonga ngoma ya sikio, vifupa vitatu vinapokezana, nyundo, fuawe na kikuku, na huyo kikuku ndo mfupa mdogo kuliko yote mwilini, milimita 3 hivi, alafu mtikisiko unaingia kwenye koklea, sehemu ya ndani ya sikio, ambako kuna seli zenye vinyweleo kama 15,000 kwa kila sikio, hizo ndo zinageuza mtikisiko kuwa umeme wa kwenda ubongoni. Mpaka hapo hakuna ubaguzi wowote, "toa takataka" na "kuna hela yako hapa" zimepita geti moja kwa heshima ileile.

Ubaguzi unaanzia juu. Mwaka 1953 Muingereza mmoja, Colin Cherry, aliwavalisha watu hedifoni, sikio hili maneno haya, sikio lile maneno mengine, akawaambia wafuatishe kwa mdomo sikio moja tu. Walipoulizwa lile la pili lilikuwa linasema nini, walijua kuna mtu alikuwa anaongea, walijua hata sauti ikibadilika toka ya mwanaume kuwa ya mwanamke, ila maneno yenyewe hawana habari, na hata lugha ilipogeuzwa toka Kiingereza kwenda Kijerumani katikati ya safari hawakustuka. Ukiisoma taratibu utaona ndo ndoa nyingi zilivyo: najua ulikuwa unaongea, najua ni wewe, ulichosema ndo sijui.

Mwaka 1959 akaja Neville Moray na swali zuri zaidi: je, lile sikio lililopuuzwa likitajiwa jina la mwenyewe? Kama theluthi moja ya watu wakalinasa jina lao. Theluthi tu! Sisi hapa tunaamini mtu akiitwa jina lake lazima asikie. Na kuna ubaya mwingine, mwaka 2001 Conway, Cowan na Bunting walirudia jaribio hilo wakakuta wanaolinasa jina lao zaidi ni wale ambao ubongo wao unashindwa kushikilia mambo kichwani, yaani wanaotoka kwenye mstari kirahisi. Waliokuwa vizuri upande huo wengi jina lao liliwapita juu. Kwa hiyo mtoto unayemwita mara nne na hageuki huenda ana kichwa kizuri sana, ila usije ukamwambia.

Kipenzi changu mimi lakini ni cha mwaka 2012, Polly Dalton na Nick Fraenkel kule Uingereza. Waliwasikilizisha watu rekodi, wanawake wawili wanaongea mambo yao, wanaume wawili wanaongea yao, alafu katikati ya mazungumzo anapita jamaa anarudia rudia "mimi ni gorila, mimi ni gorila" kwa sekunde 19. Katika wale walioambiwa wawafuatilie wanawake, asilimia 70 hawakumsikia. Sekunde 19 za gorila anayejitambulisha kabisa, na mtu anakuambia nilikuwa nasikiliza kitu kingine. Tangu nisome hiyo, mtu wangu akisema hajasikia napunguza hasira kidogo, sio zote.

Hatua ya 2: andika nadharia tete yako

Utafiti bila nadharia tete ni umbea. Yangu niliiandika ukurasa wa kwanza, unaweza kuichukua ilivyo: usikivu wa binadamu hupanda kadiri jambo linavyomfaidisha, na hushuka kadiri linavyomtaka asimame. Usiandike "mume wangu ni mpuuzi" au "watoto wa siku hizi hawana adabu", hizo sio nadharia, hizo ni hukumu, na ukianza na hukumu daftari lote litakubaliana na wewe, daftari halinaga msimamo.

Hatua ya 3: chagua sampuli

Sampuli ni uliowapata. Mimi nilikuwa nao watatu. Kwanza mke wangu, ambaye nilimshuku kidogo tu. Wa pili kijana wangu wa miaka 14, mtuhumiwa namba moja. Wa tatu mzee wangu, ambaye ukimwambia kitu chochote anaitikia "ndio mwanangu" kwa upole alafu hafanyi, na kila mtu kwenye familia anajua mzee akitaka kusikia anasikia. Huyo ndo nilikuwa nimemwandikia "bingwa" kabla hata sijaanza, ona sasa, na mimi nimetoka kukuambia usianze na hukumu.

Kuhusu vijana kuna taarifa unatakiwa uwe nayo kabla hujamtia mtoto hatiani. Mwaka 2022 watafiti wa Stanford walichapisha kazi yao, walipiga picha ubongo wa watoto na vijana wakisikia sauti ya mama zao na sauti za wanawake wasiowajua. Kwa wadogo, wa miaka 7 mpaka 12, sauti ya mama ndo iliyokuwa inawasha zile sehemu za ubongo za kufurahia na za kukamata umakini. Kuanzia miaka 13 hivi ikageuka, sauti ngeni ndo zikawa zinawasha zaidi. Sauti ya mama wanaitambua vizuri tu, hiyo haijafutika, ila haina tena ile kengele. Wenyewe wanasema ni sehemu ya kukua, kijana anajiandaa kuishi na watu nje ya nyumbani. Mke wangu nilipomsomea hii alinyamaza kidogo alafu akasema "kwa hiyo nitafute mama wa jirani awe ananiitia mtoto?" na kusema kweli kisayansi hajakosea sana.

Hatua ya 4: vifaa

Daftari, kalamu, saa yenye sekunde, na simu yenye programu ya kupima desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti. Hizo programu haziaminiki kama kipimo halisi, ila kwa kulinganisha jana na leo zinatosha. Kitu cha kukumbuka, desibeli hazijumlishwi kama mawe. Zikipanda 10 nguvu ya sauti imekuwa mara kumi, ingawa sikio litakuambia imekuwa kama mara mbili tu. Mnong'ono ni kama 30, maongezi ya kawaida kama 60. Na ukijisogeza mbali mara mbili sehemu ya wazi unapoteza kama 6, ndani ya nyumba unapoteza pungufu ya hapo maana kuta zinarudisha.

Hatua ya 5: majaribio yenyewe

Jaribio la kwanza, sentensi mbili. Chagua sentensi ya kazi na sentensi ya neema, zenye urefu unaokaribiana, mfano "njoo ukunje nguo zako" na "njoo uchukue hela yako". Simama palepale, sauti ileile, yeye awe anafanya kitu kilekile. Rusha sarafu kuamua ipi ianze, maana ukianza na kazi kila siku watakuzoea, na ukianza na hela kila siku utafilisika, na hela lazima iwepo kweli, ukidanganya mara moja sampuli imekufa. Kila ukisema weka alama: S kasikia, H hajasikia, na N, hiyo N nitaieleza maana ndo yenye utamu.

Ugumu utakaokutana nao ni kwamba sauti yako mwenyewe inakusaliti. Kukiwa na kelele binadamu anapandisha sauti bila kujua, aliyeieleza kwanza ni daktari Mfaransa Étienne Lombard mwaka 1911, mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Sasa ongeza na hasira. Nilipojirekodi nikakuta ile sentensi ya hela naisema kwa sauti ya kuimba hivi, ya nguo naisema kama hakimu. Ilibidi nifute wiki nzima ya data. Dawa ni kurekodi sentensi zote mbili kwenye simu siku moja ukiwa umeshiba usingizi, alafu uwe unazicheza kwa spika. Ndio, utaonekana mwendawazimu, unacheza sauti yako mwenyewe sebuleni huku umesimama pembeni na kalamu, vumilia.

Jaribio la pili, skrini. Mpime mtu akiwa hana kitu mkononi, alafu mpime akiwa kwenye gemu au video. Hapa utaona maajabu na utataka kupiga mtu, ila subiri. Mwaka 2015 watafiti wa London, chuo cha UCL, waliwapa watu kazi ya macho, nyepesi na ngumu, huku wanawapigia sauti, na wanapima ubongo moja kwa moja. Kazi ya macho ikiwa ngumu, mwitikio wa ubongo kwa sauti ulishuka tangu mwanzo kabisa. Yaani sio kwamba kasikia akapuuza, hapana, macho yameshakula bajeti, sauti imefika dirishani ikakuta ofisi imefungwa. Kwa hiyo ule utetezi wa "sikukusikia nilikuwa kwenye gemu" unaweza kuwa kweli tupu. Imeniuma kuandika hiyo sentensi.

Kinachofuata kivitendo ni kwamba acha kuita toka chumba kingine. Nenda, ingia kwenye upeo wa macho yake, gusa bega, subiri macho yatoke kwenye skrini, ndo useme. Nilipojaribu hivyo zile H za kijana zilipungua mpaka nikaanza kushuku utafiti.

Jaribio la tatu, hilo la N. Utakutana na hali hii: unasema kitu, mtu anajibu "nini?", unavuta pumzi urudie, na kabla hujafungua mdomo keshajibu swali lako. Hiyo ndo N. Watu wengi wanaichukulia kama dharau ila ina maelezo yake, ubongo unashikilia mwangwi wa sauti kwa sekunde chache hata kama hukuwa unasikiliza, kwa hiyo anaposema "nini" anajinunulia muda wa kurudi nyuma kuisoma sauti ambayo bado haijafutika. Sasa ufundi wake ni huu, na ukichukua kitu kimoja tu humu chukua hiki: mtu akikuambia "nini?" usirudie. Nyamaza, mwangalie, hesabu moja mpaka tatu. Mara nyingi jibu linakuja lenyewe. Lisipokuja rudia, kwa maneno mengine. Nyumbani kwangu imepunguza ugomvi kuliko vikao vyote vya familia tulivyowahi kukaa.

Jaribio la nne, mnong'ono. Hili sio la kwangu, madaktari wanalitumia kweli na ni rahisi. Unasimama nyuma ya mtu umbali wa mkono ulionyooka ili asikusome mdomo, unamwambia azibe sikio moja kwa kidole, akandamize na kusugua kile kinyama cha mbele ya tundu, alafu unatoa pumzi kwanza ndo unong'one mchanganyiko wa namba na herufi vitatu, mfano "nne, K, mbili". Arudie. Akikosa unampa mchanganyiko mwingine. Akipata angalau vitatu kati ya vyote sita ulivyonong'ona, sikio hilo sio la kutilia shaka sana. Unabadilisha sikio. Uzuri wa jaribio hili ni kwamba hakuna kazi wala neema ndani yake, "nne, K, mbili" haimtumi mtu popote, kwa hiyo aliyekuwa anachagua hana sababu ya kuchagua. Tulifanya kama mchezo siku moja jioni. Mke wangu akapata, kijana akapata mpaka vya mwenzake. Mzee akaniangalia, akasema "ndio mwanangu."

Tulicheka. Shika hapo, nitarudi.

Maadili: usipige kelele ya "moto!" kupima kitu, usimpime mtu anayeendesha gari wala aliyepanda ngazi, usimtungie mtu habari ya msiba. Na ukimaliza waambie. Mimi waligundua wenyewe, kijana alilikuta daftari, akasoma mpaka mwisho, akauliza kwa nini jina langu mimi halimo. Nikasema mimi ni mtafiti. Akasema "baba, mama kakuita mara tatu ukiwa unaandika hapo."

Hatua ya 6: sasa ziba kelele

Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, hiyo tunaijua, ila yule ng'ombe hakuwa na mtihani kesho wala kikao asubuhi. Sisi wengine inabidi tuchukue hatua.

Anza kwa kutambua adui. Kuna kelele za mfululizo, feni, injini, mvua, na kuna kelele zenye maneno. Za mfululizo ubongo unazizoea wenyewe, baada ya muda hazipo. Zenye maneno ndo shida, na mbaya kupita zote ni mtu anaongea na simu karibu yako. Watafiti wa chuo cha Cornell walionyesha mwaka 2010 kwamba kusikia upande mmoja wa mazungumzo kunavuruga kazi ya mtu kuliko kusikia pande zote mbili, maana ubongo haukubali pengo, unakaa unabahatisha yule wa upande wa pili kasema nini. "Eeh. Hapana! Na viatu? ... Mungu wangu." Nani anaweza kufanya hesabu hapo?

Chombo cha kwanza ni vizibo vya masikio vile vya sponji, na hapa wengi tunakosea alafu tunasema havifanyi kazi. Osha mikono. Visokote kwa vidole viwe vyembamba kama njiti, bila makunyanzi. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, lishike sikio kwa juu ulivute juu na nyuma kidogo ili tundu linyooke, ingiza, alafu shikilia na kidole sekunde 20 mpaka 30 kikiwa kinavimba chenyewe. Hapo kwenye kushikilia ndo watu wote wanakimbia. Kupima kama umepatia, funika masikio kwa viganja, kama kelele imeshuka sana ulipofunika basi kizibo hakijakaa, toa uanze upya. Vikichafuka au vikigoma kuvimba tupa.

Na pamba je? Msemo wetu wa kutia pamba masikioni ni mzuri kwa kusemana, ila kama kifaa pamba haifai, sauti inapita kama haipo. Aliyekuambia kwamba ametia pamba masikioni kisayansi anakusikia vizuri sana.

Hedifoni zinazofuta kelele ni kitu kingine. Wazo ni la zamani, Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, Marekani mwaka 1936: maikrofoni inasikia kelele, mashine inatengeneza wimbi lililopinduliwa, mawimbi mawili yanakutana yanauana. Kwa mngurumo mzito wa mfululizo kama wa ndege au kiyoyozi zinafanya maajabu. Kwa sauti za watu na mtoto anayelia hazifiki huko, hapo kinachokusaidia zaidi ni ule mto wake unaoziba sikio. Kwa hiyo kama adui yako ni jirani mwenye maneno usitumie hela nyingi ukitegemea kimya, utavaa na utazidi kumsikia vizuri zaidi maana umemfutia feni iliyokuwa inamfunika.

Ndio maana kwa maneno dawa nzuri mara nyingi ni kuongeza kelele, sio kupunguza. Washa feni, au cheza sauti ya mvua au ile inayoitwa kelele nyeupe, kwa sauti ya chini tu, kiasi cha kuyala makali ya maneno. Lengo sio usisikie kwamba mtu anaongea, lengo usielewe anasema nini, maneno yakishakuwa mnung'uniko ubongo unayaachia. Muziki wenye maneno ya lugha unayoijua usiuhesabu hapa, huo ni mtu mwingine anaongea, sema anaongea kwa mpangilio.

Chumba chenyewe: pambana na upenyo. Sauti ni kama maji, mlango mzuri wenye nafasi ya kidole chini yake ni mlango wa mapambo. Ziba chini ya mlango, ziba pembeni ya dirisha, hilo ndo jambo la bei rahisi lenye faida kubwa. Mazulia, mapazia mazito na sofa vinapunguza mwangwi wa humo ndani ila haviizuii sauti ya jirani, na zile trei za mayai ukutani hazizuii kitu, kinachozuia sauti ni uzito na kuziba, trei ya mayai haina hata kimoja.

Ukiamua kuziba kelele kwa kupandisha muziki, hapo unazima moto kwa petroli. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya simu isizidi asilimia 60 ya mwisho wake. Zile seli zenye vinyweleo nilizokutajia mwanzo, kwa binadamu zikifa haziotagi tena. Zipo hizohizo toka siku unazaliwa. Na usijizibe kabisa ukiwa barabarani, au ukiwa peke yako na mtoto mdogo, hilo halihitaji utafiti.

Hatua ya 7: hakikisha uziwi ni wa hiari kweli

Turudi kwa mzee. Siku ya mnong'ono tulicheka, ila usiku nikawa napitia daftari nikaona kitu. Kijana alama zake zinafuata nadharia yangu vizuri kabisa, kazi H, hela S. Za mzee hazifuati chochote. Hela H, kazi H, ila mchana tukiwa uso kwa uso S, mke wangu akiongea H zaidi kuliko mimi, wajukuu wakiongea H karibu zote. Mtu anayechagua hawezi kuchagua hivyo, hakuna babu anayechagua kutomsikia mjukuu.

Kusikia kwa uzeeni kunaanza kupotea kwa sauti za juu, na humo ndo zinakaa sauti za watoto na konsonanti kama s, f na sh. Irabu ni nzito, zinabaki. Kwa hiyo mtu anasikia kwamba unaongea, anasikia hata ukali wako, ila saa, taa, kaa na faa kwake zote zinafika kama "aa". Akiwa na muktadha anabahatisha, akikosa anasema ndio. Tukiwa wawili sehemu tulivu anaelewa, ndo tunasema "si unaona, akitaka anasikia", kukiwa na redio na watu watano anapotea. Nilijaribu kitu kimoja asubuhi yake. Nikakaa pembeni yake, sio mbele, nikamuuliza kwa sauti ya kawaida "mzee, saa ngapi saivi?" Saa anayo mkononi. Akatabasamu, "ndio mwanangu."

Kwa hiyo kwenye daftari lako weka ukurasa wa dalili hizi: anaelewa wanaume kuliko watoto, anapandisha redio mpaka wengine wanalalamika, anaacha kukaa na watu wengi, anajibu swali ambalo halijaulizwa, anaitikia ndio kwa kila kitu. Ukiziona mpeleke akapimwe, na waanze kwa kumwangalia kama ni nta tu imeziba, wakati mwingine ni hiyo tu na inatolewa, na wao, sio wewe na kijiti cha pamba, ambacho kinaisukuma ndani zaidi. Mtu akipoteza usikivu ghafla, sikio moja limezima ndani ya siku moja au tatu, hiyo ni dharura, asisubiri wiki ijayo.

Namna ya kuongea naye mpaka mfike huko: kaa mbele yake kwenye mwanga, zima redio, mguse kwanza. Usipige kelele, kelele zinakuza zile irabu ambazo anazisikia tayari na kuuvuruga mdomo aliokuwa anausoma. Asipoelewa badilisha maneno, usirudie yaleyale kwa nguvu. Na ukitaka kujua kama kaelewa, uliza swali ambalo jibu lake haliwezi kuwa ndio.

Mzee wangu alipimwa, ikawa ni kweli, masikio yote mawili. Akapewa vifaa, siku za mwanzo akalalamika kwamba nyumba ina makelele, friji linamsema, karatasi zinapiga mayowe, ikabidi ayazoee kidogo kidogo, saa moja leo, mbili kesho. Baada ya wiki kadhaa nikampima tena mnong'ono, vyote akavinasa, namba na herufi, masikio yote. Nikafurahi sana. Nikamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, nikiwa mbele yake, kwenye mwanga, "mzee, naomba uzime hiyo redio." Akaangalia dirishani. Nikafungua daftari nikaweka H.

Mjukuu wake akafungua pipi chumba cha pili, mzee akageuza kichwa.